Pampu ya Chiriku na Mwalimu Tuko Tayari

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu wa kujiandaa. Alijiandaa kwa moto, kwa mafuriko, kwa tetemeko la ardhi, na zaidi ya yote alijiandaa kwa wageni. Kila asubuhi, akishamaliza kuwahutubia watoto mstarini, aliinua kidole juu na kuuliza, "Tuko tayari?" Watoto wakaitikia kwa kishindo, "Tuko tayari!" Tayari kwa lipi, hakuna aliyejua, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Basi wakambandika jina hilohilo. Wakimwona anakuja, tumbo mbele, funguo zikilialia kiunoni, walinong'onezana, "Tuko Tayari huyo!" na uwanja ukawa mweupe.

Fahari yake kubwa ilikuwa kabati la dharura. Lilikuwa kabati la chuma, jekundu kama pilipili, limesimama ukumbini chini ya ngazi za kwendea ofisi yake, na juu yake limeandikwa DHARURA kwa herufi zinazosomeka toka getini. Lilikuwa na kufuli la kufungia duka. Humo, kwa amri yake, ziliwekwa dawa zote za wanafunzi wenye maradhi, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo pampu ya Chiriku.

Chiriku alikuwa msichana wa darasa la tano, mwembamba, mwenye mdomo usiofungwa. Jina hilo alipewa na bibi yake alipoanza kusema, maana alipoanza hakuacha. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Ikimshika, kifua kinambana, pumzi inapiga mluzi, na dawa yake ilikuwa ile pampu ndogo ya buluu ya kuvuta kwa mdomo. Mama yake, msusi mwenye saluni karibu na kituo cha mafuta, alikuwa amemzoeza kutembea nayo mfukoni. Shule ilipomnyang'anya, mama aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama ufagio, akaja mbio.

"Mwalimu, shikamoo. Nimesikia pampu ya mwanangu imefungiwa."

"Marahaba, mama. Haijafungiwa. Imehifadhiwa."

"Akibanwa kifua hana nafasi ya kuandika barua ya maombi."

Mwalimu mkuu alitabasamu lile tabasamu lake la wazazi. "Mama yangu, dawa mfukoni mwa mtoto ni hatari. Wenzake wataichezea, itapotea, itakanyagwa. Kwenye kabati iko salama kabisa."

"Pampu iko salama. Mimi nauliza mtoto."

"Na mtoto pia."

"Ufunguo anao nani?"

Akajipigapiga kiunoni. "Mimi mwenyewe."

"Na ukiwa chooni?"

Karani aliyekuwa akipiga chapa pembeni aliinamia mashine yake, mabega yakitetemeka. Mwalimu mkuu hakuona cha kuchekesha. Alimweleza mama sera ya shule kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka mama akakumbuka kile kichwa alichokiacha saluni. Akakubali kwa shingo upande. Kabla ya kuondoka alipita kwa mwalimu wa darasa la tano, akamwachia chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kitako na kuzungushiwa utepe. Pampu huchomekwa pale kwenye tundu, mtoto akavutia mdomoni mwa chupa, ili dawa ifike kifuani badala ya kuishia ulimini.

"Naijua, dada," alisema mwalimu wa darasa, binti mpole aliyekuwa na mwaka wake wa pili kazini. "Kaka yangu alikuwa na pumu. Nimemshikia chupa kama hii mpaka nimekua."

Binti huyo alimwomba mwalimu mkuu, mara ya kwanza na tena mara ya pili, kwamba pampu ikae kwenye meza yake darasani. Akajibiwa kwamba kila kitu kina utaratibu wake. Chupa nayo ikachukuliwa, ikaingia kabatini.

Mambo yakaenda hivyo mpaka ikaja habari kwamba wakaguzi wa elimu watatembelea shule kuangalia utayari wa dharura.

Mwalimu mkuu hakulala. Kuta za madarasa zilipakwa rangi ya mafuta, ile inayowasha macho kwa siku kadhaa. Uwanja ulifagiliwa asubuhi, mchana na jioni, vumbi likapaa na kuwatulia watoto vichwani. Takataka zikachomwa nyuma ya vyoo. Na mazoezi yakaanza: kiranja mkuu, jitu la darasa la saba lenye sauti ya baba mtu, angeanguka na kuzimia kwa kusikia filimbi. Wavulana wanne wangetoka mbio na machela, wamlaze chali, wamfunge mikanda mitatu, wambebe mpaka kivulini. Walirudia mpaka waliweza kumfunga wakiwa wamefumba macho. Mwalimu wa darasa la tano aliuliza, "Na kama mgonjwa hatakiwi kulazwa chali?" Mwalimu mkuu akamwambia asiwachanganye watoto.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe alifungua kabati alipange. Akapanga bandeji nyeupe mpya safu kwa safu, glovu, makasi ambayo bado yalikuwa ndani ya nailoni yake. Kisha macho yake yakaangukia mfuko wa plastiki uliokunjamana: pampu ya buluu iliyochujuka rangi, mdomoni ina alama za meno, na ile chupa yenye utepe uliochakaa. Moyo ukamkereka. Mkaguzi mkuu atasemaje akiona takataka hii katikati ya vifaa? Akaichukua, akapanda nayo ofisini, akaisukumia kwenye droo ya meza yake, chini ya pakiti ya biskuti. Ni kwa muda tu, alijiambia. Wageni wakiondoka itarudi mahali pake.

Asubuhi Chiriku aliingia shuleni akikohoa. Harufu ya rangi ilikuwa imejaa darasani, na moshi wa takataka za mwisho ulikuwa ukipita dirishani bila hodi. Mwalimu wake alimtazama mara moja tu, akateremka mpaka kwenye kabati, akakuta kufuli linang'aa. Akamfuata mwalimu mkuu, aliyekuwa akielekeza viti vipangweje chini ya hema.

"Mwalimu, naomba ufunguo. Chiriku ameanza kukohoa, sipendi kikohozi chake."

"Sasa hivi? Wageni wako getini!"

"Ni kufungua na kufunga tu."

"Mpe maji anywe. Tukimaliza zoezi tutaangalia."

Alisema hivyo, na papo hapo akakumbuka ile droo. Kitu kidogo kilimchoma chini ya mbavu, kama sindano iliyosahauliwa kwenye shati jipya. Lakini gari la wakaguzi lilikuwa limeshapiga honi, akavuta tai yake sawa, akaenda kulifungulia mlango.

Mkaguzi mkuu alikuwa mzee wa miwani myeusi, mwenye desturi ya kusema "safi sana" kabla hajaona kitu. Aliketi mbele na wasaidizi wake wawili. Shule nzima ilipangwa mstarini juani. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, katika shule hii dharura haitukuti. Sisi ndio tunaoikuta dharura!"

"Safi sana," alisema mkaguzi.

Ndipo Chiriku alipotoka mstarini. Hakutoka kwa mbio. Alipiga hatua kama mtu anayetembea ndani ya maji, mabega yamepanda mpaka masikioni, mikono ameikaza magotini, akasimama katikati ya uwanja ameinama. Mdomo ulikuwa wazi, na mdomo ule, ambao hata wakati wa dua haukutulia, haukutoa neno.

Mwalimu mkuu alikasirika. Wazo lake la kwanza, na alikuja kulikumbuka kwa miaka mingi baadaye, lilikuwa: nani amebadilisha mgonjwa bila kunishirikisha?

Mkaguzi akaegemea mbele. "Mmeshaanza? Ehee! Mtazameni anavyoigiza mtoto huyu. Kifua kile!" Akapiga makofi. Wasaidizi wake nao wakapiga makofi, na wazazi wa kamati waliokuwa nyuma hawakutaka kuachwa.

"Naam, mheshimiwa," mwalimu mkuu alijisikia akisema. "Tumewafundisha."

Na kwa kuwa filimbi ilikuwa shingoni, akaipuliza.

Kiranja mkuu, kijana mtiifu, alisikia filimbi, akaanguka puu. Sasa uwanjani pakawa na wagonjwa wawili. Wabeba machela walitoka mbio, wakasimama katikati, wakatazama huku, wakatazama kule. Mkaguzi akawaonyesha kwa kidole, "Yule msichana, yule!" Wakamwacha kiranja wao vumbini amefumba macho, wakamdaka Chiriku, wakamlaza chali, na kwa ustadi ambao mwalimu wao aliwasifia kila siku, wakamfunga mikanda mitatu. Mmoja ulipita juu ya kifua.

Chiriku akawa anatupa miguu, anajaribu kuinuka.

"Hata kupinga anapinga!" alishangaa mkaguzi. "Jamani, watoto wa siku hizi!"

"Haigizi!" Sauti ilikuwa ya rafiki yake wanayekaa naye dawati moja. "Chiriku haigizi! Hawezi kuongea! Mbona mnapiga makofi?"

Mwalimu mkuu akasogea. Akaona ngozi ya kooni ikizama ndani kila mtoto alipojaribu kuvuta pumzi, kama kitambaa kinachonyonywa kwenye tundu. Akaona midomo imepauka, rangi ya majivu. Hapo ndipo makofi yalipomwingia masikioni vizuri, akatamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wa darasa la tano alikuwa ameshafika, viatu ameviacha njiani. Aling'oa mikanda, akamketisha Chiriku wima, akamwinamisha kidogo mbele, akafungua kishikizo cha shingoni. "Niangalie mimi, mama. Niangalie. Taratibu. Nyie sogeeni, mnamzibia hewa!" Kisha, bila kugeuka, "Mwalimu! Pampu!"

Wote wakakimbilia ukumbini, yeye amembeba mtoto kifuani, mwalimu mkuu akipekua funguo. Ya stoo. Ya choo cha walimu. Ya geti. Kufuli likaitika, mlango mwekundu ukafunguka, na mbele ya macho ya wageni kabati likaonekana katika uzuri wake wote: bandeji nyeupe safu kwa safu, glovu, makasi ndani ya nailoni.

"Iko wapi?" aliuliza mwalimu wa darasa.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Ofisini. Kwenye droo yangu."

Binti akamwonyesha ngazi kwa kidole. Mwalimu mkuu akapanda ngazi zile akikimbia, kitu ambacho miguu yake haikuwa imekifanya tangu ujana. Alivuta droo ikatoka nzima, biskuti zikamwagika sakafuni, akanyakua mfuko, akashuka akishikilia ukuta.

Mwalimu wa darasa alitikisa pampu, akaichomeka kwenye chupa, akamwekea Chiriku mdomoni. Akabonyeza. "Vuta. Vuta tena. Pole pole, mama. Tena." Akasubiri, akatikisa, akabonyeza tena. Kilichosikika ukumbini ni mluzi mwembamba wa kifua kile.

"Anahitaji hospitali," alisema binti. "Gari liko wapi?"

Gari lilikuwa la wakaguzi. Dereva alimtazama mkaguzi mkuu akisubiri amri. Mkaguzi alivua miwani yake myeusi, akauliza kwa adabu kabisa, "Kwani zoezi halijaisha?"

"Mzee, washa gari!" mwalimu wa darasa alimfokea dereva, na dereva akawasha.

Kwenye zahanati, muuguzi alimvalisha Chiriku kifuniko cha usoni kinachotoa mvuke wa dawa, akamwekea hewa ya mtungi, akasema mtoto ameponea chupuchupu. Mwalimu mkuu, aliyefuata na pikipiki ya kukodi, alikaa kwenye benchi la ukumbini akitunga sentensi ya kumwambia mama. Ilianza na "Kwa bahati mbaya." Akaifuta. Akatunga nyingine iliyoanza na "Katika mazingira."

Mama aliingia chanuo kikiwa bado kimechomekwa nywelani, mikono inang'aa mafuta. Alimpita mwalimu mkuu kama anapita kiti. Akaketi kitandani, akamshika mtoto mguu. Muda mrefu ulipita kabla mluzi haujapungua. Kisha kutoka chini ya kile kifuniko ikasikika sauti, kama ya chura: "Mama. Kiranja alianguka. Hakuna. Aliyemwokota."

Mama akacheka, na katikati ya kicheko akalia. Alipojifuta uso ndipo alipogeuka mlangoni, alikosimama mwalimu mkuu.

"Mama, mimi..."

"Nenda nyumbani, Mwalimu. Leo sina maneno ya kukutosha."

Ungedhani mambo yangeishia hapo, na mtu angejifunza. Mwalimu mkuu mwenyewe alidhani hivyo. Usiku hakulala vizuri, chakula hakikupita, na Chiriku aliporudi shuleni alimtazama kwa mbali kama mtu anayetazama kitu alichonusurika kukivunja. Lakini siku hiyo simu ikalia. Alikuwa mkaguzi mkuu.

"Mwalimu, hongera! Tumezunguka shule zote. Yenu haina mfano. Kulikuwa na vurugu kidogo mwishoni, lakini ule uhalisia! Sherehe ya utayari inakuja, atakuwepo waziri. Tunataka zoezi lile lile. Na mtoto yule yule, usinibadilishie."

Aibu kubwa ni kwamba alifurahi. Alisimama, akafunga kishikizo cha koti, akasema, "Tutakuwepo, mheshimiwa." Alipokata simu alijieleza vizuri sana: safari hii pampu itakuwa karibu, mtoto ataigiza tu, na itakuwa elimu kwa umma. Akaenda saluni kuomba ruhusa ya mama.

Saluni ilijaa. Wanawake wawili walikuwa chini ya mashine za kukaushia nywele, mmoja kitini anasukwa, wengine wanasubiri. Mwalimu mkuu alieleza shida yake amesimama, kofia mkononi. Alitaja waziri. Alitaja elimu kwa umma. Mashine za nywele zikazimwa moja baada ya nyingine ili wenye vichwa wasikie vizuri.

Mama Chiriku alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwinua mteja wake. "Samahani, shoga, nipishie kiti. Mwalimu, karibu ukae."

"Hapana, mama, nimesimama tu."

"Kaa."

Akakaa. Mama akachomoa mrija kwenye chupa ya soda ya mteja, akaufuta, akampa. "Tia mdomoni. Ziba pua kwa vidole. Vuta pumzi kwa huo mrija tu."

Wanawake wakaanza kucheka, maana alionekana kichekesho, mtu mzima mwenye tai, amebana pua, mrija umemtoka mdomoni. Yeye naye angecheka kama angeweza. Mwanzo ilikuwa rahisi.

"Sasa simama, ruka ruka papo hapo," alisema mama. "Kama mtoto anayecheza. Usiutoe."

Akaruka. Hewa iliyopita kwenye mrija ikawa chache, halafu ikawa uzi, halafu ikawa kitu cha kukumbuka tu. Kifua kilivuta na hakikupata. Masikio yakaanza kuvuma, jasho likamtoka, chumba kikamsogelea, na aliona wazi kwamba watu wote wale wanamtazama na kwamba hawezi kuwaambia. Hakuna tena aliyekuwa anacheka. Aliutema mrija, akashika kioo kwa mikono miwili, akavuta hewa kwa kelele kama ng'ombe.

Mama akauokota mrija sakafuni.

"Wewe umeutupa," alisema. "Mwanangu atautupa wapi?"

Mwalimu mkuu alitoka nje bila kuaga. Alisimama karibu na ukuta, chini ya picha za mitindo ya nywele, mpaka pumzi zikarudi. Kisha akapiga simu.

"Mheshimiwa, yule mtoto hakuwa anaigiza."

"Unasemaje?"

"Alikuwa mgonjwa kweli. Alikuwa anakata roho mbele yetu, na sisi tunampigia makofi. Dawa yake niliiondoa mimi ili kabati lipendeze."

Alisikia kijiko kikikoroga chai upande wa pili.

"Mwalimu," alisema mkaguzi hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekusaidia, "hayo si ya kuandika popote. Wewe basi tafuta mwingine anayeweza kuigiza kama yule."

Mwalimu mkuu aliutazama mlango wa saluni, ambako vichwa vinne vyenye nywele za kila namna vilikuwa vimechungulia. "Hatutakuja," alisema, na akakata simu kabla hajajutia.

Alijutia jioni ileile, na siku nyingi zilizofuata. Tuzo ya utayari iliyotolewa kwenye sherehe ile ilikwenda shule nyingine, ambayo mgonjwa wao, walivyosema waliohudhuria, alizimia vizuri mno. Yeye aliitwa kujieleza kwa kumkatia simu mkubwa wake, akapewa onyo. Wazazi wa kamati walimuuliza kwa nini ameitia shule hasara ya sifa. Hakujua awajibu nini, hivyo akawaambia ukweli, na wawili wakajiuzulu.

Lakini kufuli liling'olewa. Chiriku akarudishiwa pampu yake mfukoni, nyingine ya akiba ikakaa darasani, kwenye droo isiyo na kitasa. Na alasiri moja walimu wote, pamoja na mpishi, karani na mlinzi wa geti, walikusanywa ukumbini kufundishwa na mwalimu wa darasa la tano, kwa pampu ya mazoezi isiyo na dawa na chupa ya plastiki. Mlinzi alipata mara ya kwanza. Mpishi naye. Mwalimu mkuu alisahau kutikisa. Aliporudia, alitikisa, akaishika juu chini. Mara ya tatu alibonyeza kabla ya kuiweka mdomoni, akajipulizia puani, na Chiriku, aliyeitwa awe mgonjwa wa mfano, alicheka mpaka mwalimu wake akamtazama kwa wasiwasi.

"Niko sawa, Mwalimu, nacheka tu," alisema. "Yeye ndiye hayuko sawa. Mwambie aishike hivi, asiibane hivyo, si rimoti ya televisheni."

"Tena," alisema mwalimu wa darasa.

Mwalimu mkuu alijifuta pua, akaigeuza pampu, akaanza upya.